Mkwe Yumo Redioni

Hapa nyumbani usiku wanawasha televisheni, watu wamekaa kwenye makochi wanaulizana habari za maisha na kuchekeana, na wajukuu wangu wanadhani jambo hilo limeanza jana. Halikuanza jana. Miaka ya ujamaa huku kwetu televisheni hatukuijua hata kwa picha, lakini kipindi cha mazungumzo cha usiku tulikuwa nacho, kwenye redio, na tulikipenda kuliko hawa wanavyokipenda chao. Nataka kueleza kilivyokuwa. Nataka pia kueleza usiku ambao mama yangu alizungumza humo, kwa sababu mpaka leo sijaacha kuutamani usiku ule urudi.

Shule sikusoma. Kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, tumekaa juu ya magogo kwenye ghala la pamba, mtoto mgongoni. Atakayekuta nimekosea herufi aisahihishe kimoyomoyo aendelee.

Kipindi kilikuwa na jina refu la kiofisi ambalo sikulishika. Sisi tulikiita Saa Nne, kwa kuwa ndiyo saa yake. Mwanzoni hakikuwa na utamu wowote. Wageni walikuwa wakubwa watupu. Leo bwana shamba, kesho mtu wa chama, kila mmoja anasoma karatasi yake kama anasoma hukumu. Mume wangu alikuwa anaizima redio kabla mgeni hajafika mbali, betri zisiishe kwa mambo ya mbolea.

Halafu, kwa jinsi tulivyosimuliwa, usiku mmoja mgeni mkubwa hakutokea. Mtangazaji yuko peke yake, saa imefika. Akatoka nje akamshika dereva wa gari la ofisi, akamkalisha mbele ya kinasa sauti, na kwa kuwa hakuwa na la kumwuliza akamwuliza, "Ndugu, leo umekula nini?" Dereva akasema hajala, mkewe amenuna, amepika akala na watoto na sufuria akaosha. Usiku huo nilikuwa macho nanyonyesha, nikasikia kwa masikio yangu. Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Tangu hapo wakubwa wakapungua. Wakaja wapiga makasia, watengeneza baiskeli, wachungaji, mama wa kuuza pombe, mtu aliyewahi kupotea porini na ng'ombe. Na wote waliulizwa kwanza wamekula nini. Baadaye wakapata gari, wakawa wanazunguka mikoani na mashine yao ya kunasa sauti, wanawafuata watu vijijini. Huyo mtangazaji sura yake sikuiona kamwe. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba asiye na haraka, na akikuuliza jambo alikuwa anakuacha unyamaze mpaka uchoke mwenyewe kunyamaza. Hawa wa kwenye makochi hawajui kufanya hivyo. Mgeni akivuta pumzi tu, wameshamjibia.

Kijijini kwetu, ziwani huku upande wa Magu, redio ya uhakika ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa ameinunua kwa pamba ya miaka miwili, akaivalisha kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Uzi wa ndani ulikuwa umelegea, basi ukikiachia kile kiduara cha kutafutia stesheni kinateleza chenyewe, na stesheni inakwenda zake. Ilibidi mtu akishike mwanzo hadi mwisho, kwa vidole viwili, asikaze wala asilegeze. Mkono huo alikuwa nao mume wangu peke yake. Jirani yetu mvuvi, mtu wa maneno mengi, alijaribu mara moja akatupeleka nchi ya watu, tukasikia habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Hawa nao wanaulizana wamekula nini," akasema. Hakuruhusiwa kugusa tena.

Sasa niseme habari ya mama yangu.

Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwa bibi, mama yake mama. Nikakulia huko. Nilichumbiwa huko na nikaolewa kutokea huko. Walionifuata, wanne, mama aliwalea mwenyewe kwake. Kwa bibi sikunyimwa kitu, nisimsingizie marehemu, lakini mtoto anahesabu. Kila nilipowaona wadogo zangu wamemzunguka mama yetu kwenye msiba au harusi, nilikuwa najiuliza mimi nilifanya nini. Mama mwenyewe alikuwa mkunga, mwanamke mkavu, hana maneno ya kumbembeleza mtu. Watoto wa watu wote aliwapokea kwa mikono yake. Wa kwake wa kwanza kuishi akamtoa.

Lilipokuja lile la kuhamia vijijini, lori lilichukua mama na wadogo zangu likawapeleka upande wa Kisesa, na sisi wa upande wa mume wangu tukaletwa ziwani. Siku hiyo, vyungu vimepangwa barabarani, kuku wamefungwa miguu, nikajipa moyo nikamfuata.

"Mama, wote uliwalea. Mimi mbona ulinitoa?"

Aliinama akaokota chungu. Akasema, "Nipe huo mkeka. Lori linaondoka."

Tukaachana hivyo. Sio mbali sana kwa anayepanda gari leo, lakini miaka ile magari yalikuwa ya kubahatisha, mashamba ya kijiji yana zamu zake, na mimi kila mwaka nina mtoto. Misimu miwili ya pamba ikapita sijamtia machoni.

Siku moja mama mmoja wa Kisesa aliyekuwa anakuja kununua dagaa mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, akanikuta naanika.

"Wewe ndiye binti wa yule mkunga? Mama yako anakusalimu."

"Salamu zimefika. Hajambo?"

"Hajambo, tena amekuwa mtu mkubwa. Gari la redio lilikuja, wakamkalisha kwenye kigoda mbele ya mashine. Amesema nikuambie hivi: sikiliza Saa Nne Alhamisi hii, jibu lako limo."

Nilimwaga dagaa wote mchangani. Nikamwomba arudie, akarudia vilevile. Jibu lako limo.

Nikadhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza, kwa sababu ya mume wangu.

Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, akimwona njiani anaingia kwenye majani mpaka apite. Ndiyo heshima. Mume wangu alikuwa ameishika heshima hiyo kuliko wanaume wote ninaowajua. Mwaka mmoja mama alipita kwetu bila taarifa, naye akajitupa ndani ya kihenge cha mtama, akakaa humo mpaka mama alipoondoka, akatoka mweupe kama mzimu. Nilipomwambia kwamba Alhamisi mkwe wake atazungumza redioni, akaketi chini.

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndani ya redio."

"Redio iko wapi? Si ndani ya nyumba yangu?"

Habari ikatoka, kijiji kizima kikawa baraza la kuamua. Mvuvi alikuwa wa kwanza kufika.

"Jirani yangu, redio inatangaza vifo kila siku. Maiti huwa imo humo ndani? Basi na mkwe hayumo."

"Sauti yake imo," mume wangu akasema.

"Sauti haikuoni!"

"Mimi naisikia. Nikiisikia anacheka je? Nikimsikia anataja mambo ya uzazi je, mkunga yule? Kesho nitazitazamaje sura za wanawe?"

Bibi mmoja jirani, mjane, aliyekuwa na wakwe wanaume watatu na kwa hiyo aliheshimiwa katika mambo hayo, akamuunga mkono mume wangu. Alisema mtoto mwenye adabu hamsikilizi mkwe akizungumza na wanaume usiku, iwe kwenye redio, iwe kwenye shimo. Mimi nikasema basi nifundishwe kushika kiduara. Nikafundishwa siku tatu. Vidole vyangu vilikuwa vya jembe na vya nyavu. Stesheni ilikuwa inakaa kidogo, ikiondoka hairudi.

Jumatano usiku sikupika. Nilikaa tu jikoni nalia. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, na nadhani aliona kwamba safari hii silii kwa kutaka kanga.

"Pamba," akasema.

"Pamba ya nini?"

"Ya masikio. Nitashika redio, lakini nimeziba masikio. Hapo sijamsikia mkwe, na wewe umemsikia mama yako."

"Sasa utajuaje kama stesheni imekaa?"

Akafikiri. "Nitakuangalia wewe usoni. Ikikaa vizuri utakuwa umetulia. Ikipotea, nitaona."

Niliona ni mpango mzuri. Bibi mjane naye akaukubali, ila akataka masikio yazibwe mbele yake.

Alhamisi watu walijaa mpaka nje, kila mtu na kigoda chake. Bibi mjane alimziba mume wangu masikio kwa pamba ya shambani kwetu wenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba, akampigia makofi nyuma ya kichwa kumjaribu. Hakugeuka. Mvuvi akamtukana tusi la mchezo. Hakugeuka. Watu wakacheka. Akakaa mbele ya redio amenikazia macho, vidole viwili kwenye kiduara, mimi nimekaa mbele yake kama mtu anayepigwa picha.

Saa nne ikafika, nikasikia mtangazaji akisema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ni yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ninavyoijua, lakini ni yeye.

"Leo umekula nini, mama?"

"Michembe ya viazi na karanga. Wewe mbona umekonda hivyo? Huko mjini hawakulishi?"

Nyumba yote ikaanguka kicheko. Mume wangu hakujua tunachekea nini, akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, akashika vilevile. Mtangazaji akamwuliza amepokea watoto wangapi, akasema yeye hahesabu watoto wa watu, si mbuzi. Akamwuliza ni uzazi gani ulimpa shida kuliko wote. Mama akanyamaza. Mtangazaji naye akamwacha anyamaze, kama kawaida yake. Tulisikia jogoo wa huko kijijini kwao akiwika ndani ya redio yetu.

"Sio kuzaa kulikonipa shida," mama akasema. "Kumtoa mtoto. Nina binti, yuko ziwani. Nilimpeleka kwa mama yangu alipoacha ziwa. Na nilikuwa siendi kumwona. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Lakini nilikuwa naamka gizani, natembea mpaka karibu na kisima chao, nakaa kwenye mikonge. Anakuja na mtungi wake mdogo. Namwangalia anachota, anaondoka. Narudi nyumbani. Nilifanya hivyo miaka. Hajui."

Sikujua. Naapa sikujua. Mikonge ile naikumbuka mmoja mmoja.

"Kwa nini ulimtoa, mama?" mtangazaji akauliza, taratibu.

Hapo uso wangu ukaharibika. Sikuweza kuuzuia. Nililia kama mtoto aliyeungua, mdomo wazi. Na mume wangu, aliyekuwa ananiangalia usoni kama tulivyopatana, akaona uso umebadilika, akajua stesheni imepotea. Akazungusha.

Ikaingia ngoma ya watu wa mbali.

Nikapiga kelele, "Acha! Rudisha!" Hasikii. Nikapunga mikono. Akadhani nasema bado, akazungusha zaidi. Mvuvi akamrukia, bibi mjane akawa anamchomoa pamba kwa kucha, naye anapigana nao, anasema, "Mkwe! Mkwe bado yumo!" Tulipoipata tena stesheni, mtangazaji alikuwa anasema usiku mwema.

Watu waliondoka wamebeba vigoda vyao. Mume wangu akabaki ameshika pamba mkononi.

"Uso wako ulikunjamana," akasema. "Nikajua imepotea."

"Ilikuwa imekaa vizuri kuliko siku zote."

Hakulala usiku ule. Nami sikumsemesha kwa muda mrefu, ingawa nilijua hana kosa. Hasira haitafuti mwenye kosa, inatafuta aliye karibu.

Sababu niliipata. Niliipata haraka mno. Yule mama wa dagaa alikuja wiki iliyofuata akanipa pole bila kuulizwa, akidhani nimesikia. Alisema mama alieleza kwamba kabla yangu alizaa wawili, wote walifia ndani ya nyumba ile ile, wote baada ya kuachishwa ziwa. Basi mimi nilipofika umri ule aliogopa, akanitoa nisife, na hakuja kuniona akiogopa asije akanifuatishia kile kilichowachukua wale. Nilipokwenda mjini kuuza samaki, mwanamke nisiyemjua kabisa, pale Nyegezi, alipojua natoka wapi aliniambia habari ile ile, na kwa uchungu, na akasema, "Jinsi alivyolisema neno lile la mwisho, dada, mimi nililia." Nikamwuliza, neno gani la mwisho? Akasema halikumbuki vizuri, lakini lilisemwa kwa namna. Kwa namna. Nchi nzima ilikuwa imeisikia namna hiyo isipokuwa mimi.

Baada ya mavuno nilipata lori la pamba nikaenda. Mume wangu alinisindikiza, akashukia kijiji cha kabla, akalala kwa watu baki kwa ajili ya heshima yake.

Mama alikuwa anabangua karanga. Nikampigia magoti, nikamwamkia.

"Ulisikia?" akaniuliza.

"Nilisikia mpaka kisimani. Halafu stesheni ikapotea."

Aliendelea kubangua.

"Mama, niambie yaliyobaki."

"Watu hawajakuambia?"

"Wameniambia. Nataka uniambie wewe."

Akaweka ungo chini. Nikaona anajaribu, kweli nikaona. Mdomo ulifunguka. Halafu akasema, "Yule bwana hakuwa mtoto wangu. Ningekuwa nakuona hivi siku ile, nisingesema hata hilo la kisima." Akachukua ungo wake. "Na mumeo umemwacha wapi? Amekula?"

Sikumlazimisha. Usiku alitandika mkeka mmoja tu. Wadogo zangu waliniambia nyumba nyingine ina kitanda, mama akasema kitanda hicho kina kunguni, na hakikuwa na kunguni. Nikalala ubavuni kwake. Nilikuwa na watoto watano na sikuwahi kulala ubavuni kwa mama yangu tangu niijue akili yangu. Alikuwa na mgongo mdogo, mifupa ya juu imetoka, na alikuwa ananuka moshi na karanga. Asubuhi alinipa kibaba cha michembe, akaniambia niwahi lori.

Alifariki mvua zilizofuata, kwa homa, kabla sijarudi.

Kipindi nacho hakikudumu. Vita ya Uganda ilipoanza saa ile ikawa ya habari za vita, na sisi huku tunaopakana nao kwa ziwa tulikuwa tunasikiliza kwa kufa na kupona, hakuna aliyetaka kujua mtu amekula nini. Vita ikaisha, wakakirudisha, lakini mtangazaji alikuwa mwingine, mwenye haraka. Halafu zikawekwa nyimbo. Mwanangu wa tatu, alipokuwa mtu mzima na kazi yake Dar es Salaam, nilimtuma aende kwenye redio akaulize kanda ya usiku ule. Alikwenda mara mbili. Walimwambia kwa upole kwamba kanda zilikuwa chache miaka ile, ya wiki hii ilikuwa inafutwa inaandikwa ya wiki ijayo. Juu ya sauti ya mama yangu waliweka mtu mwingine. Labda mtengeneza baiskeli.

Sababu ya kutolewa ninayo, na naiamini. Sina kinyongo na mama. Ninachokitaka ni kumsikia akilisema neno lile, kwa namna ile, hata mara moja, hata kwa redio mbovu. Ninakitaka nikiwa nachambua mchele, ninakitaka kanisani. Umri wangu huu nilidhani ningekuwa nimeacha.

Mume wangu amezeeka, masikio sasa yameziba yenyewe bila pamba. Majuzi hawa watoto wamewasha kipindi chao cha makochi, naye alikuwa anaangalia midomo tu. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza viziwi, "Mkwe alisema nini siku ile? Kila mtu alisikia. Mimi hakuna aliyeniambia."

Kweli, hakuna aliyemwambia. Mkwe amekwisha kufa, heshima ile haina wa kuitunza tena. Nikasogea sikioni kwake. Nikamwambia habari ya michembe na karanga, akacheka, miaka yote hii imepita ndipo anacheka. Nikamwambia habari ya mbuzi. Nikamwambia kuamka gizani, na mikonge, na mtungi mdogo, na kwamba binti hajui. Nilikuwa nasema taratibu, kama mama alivyosema, na wajukuu walikuwa wamepunguza televisheni.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu ukazungusha."

Akaitikia kwa kichwa. Alinishika mkono kwa vile vidole vyake viwili, asikaze wala asilegeze, na tukakaa hivyo mpaka watoto walipokwenda kulala.